Milimita Mbili za Chai

Wifi yangu ana macho ya kukera. Nasema hivyo kwa mapenzi, na yeye mwenyewe anajua. Utundike picha yako ukutani, ushuke kwenye kiti, ushushe pumzi, ataingia na kabla hata ya salamu atasema, "Imelala kushoto kwa unywele." Ndiyo maana kazini tunamwita Bi Unywele. Kaka yangu, aliyemwoa kwa hiari yake bila kushikiwa fimbo na mtu, siku hizi hapigi hata msumari nyumbani mpaka mkewe awepo.

Tunafanya kazi pamoja, mimi na yeye, kwenye karakana ya madirisha ya alumini. Mimi nakata vioo, yeye anakata na kuunga fremu. Ni banda refu la mabati lenye meza tatu, misumeno miwili, na vumbi la alumini linalong'aa kila mahali. Tukirudi nyumbani jioni nywele zinametameta kama za maharusi, na kaka anatulalamikia kwamba hata mkate wake unametameta. Tunamwambia ale tu, madini hayo, watu wengine wanayanunua duka la dawa.

Wifi hakuzaliwa fundi. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa akiuza vitunguu kwa kilo mbele ya geti letu. Siku moja akaingia kuomba mabaki ya alumini atengenezee meza ya biashara. Akamkuta fundi mkuu wa wakati ule anagombana na fremu iliyokataa kufunga, jasho linamtoka, matusi mdomoni yanasubiri zamu. Wifi akasimama na kapu lake kichwani, akatazama, akasema, "Samahani baba, hicho kipande cha juu kimezidi cha chini kwa unywele." Fundi akapima. Kilikuwa kimezidi milimita moja. Vitunguu vya siku ile viliisha, na hakuleta vingine.

Huyo fundi ndiye aliyemfundisha kazi, na alimfundisha kwa njia yake, tuliyoiita kulaza. Nieleze, maana hapo ndipo balaa lote lilipotokea. Profaili ni zile pau ndefu za alumini, mita sita kila moja, zenye mifereji na mbavu ndani, ambazo ukizikata na kuziunga unapata fremu. Kila profaili ina karatasi yake kutoka kiwandani, na kwenye karatasi kuna mchoro wa sura ya upau ukiutazama kwa mbele, kwa ukubwa wake halisi. Mzigo ukija, unakata kipande chembamba mwishoni mwa upau, kama unavyokata mkate, unakilaza juu ya mchoro. Mistari ikifichika pande zote, pokea. Mstari ukichungulia, au kipande kikizidi, kataa. Basi. Fundi alisema mchoro hausemi uongo. Zile namba zilizozunguka mchoro kama nzi alisema ni za wasomi.

Wifi aliziogopa hizo namba. Yeye aliyekuwa akipima kilo na robo ya vitunguu bila kutazama mizani, akiona jedwali la kiwanda anaanza kutafuta miwani ambayo hana. Hakusema. Na mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kupenda kukumbusha watu, sikuwa bora. Juu ya kila karatasi kulikuwa na namba 6063. Kwa miaka minane niliamini hilo ni sanduku la posta la kiwanda. Niliamini, na niliwaeleza wengine kwa sauti ya kujiamini kabisa! Kuna mteja mmoja aliwaandikia barua kwa anuani hiyo. Hajajibiwa hadi leo, maskini.

Sasa, karakana yetu ina kalamu moja ya kupokelea mzigo. Imefungwa uzi wa kijani na inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa Bosi. Anayesaini kwa kalamu hiyo ndiye msimamizi, na neno lake ndilo la mwisho. Fundi mkuu alipostaafu, kalamu ikabaki inaning'inia miezi mitatu, na wote tukaipita tukijifanya hatuioni. Wifi ndiye aliyeitaka kuliko sisi sote. Nilikuwa namkuta anajifunza saini kwa kidole kwenye vumbi la meza, anaifuta haraka, anasema anapangusa.

Mwishowe Bosi akamwita. Tulikuwa tumepata kazi kubwa, madirisha tisini na sita ya wodi mpya ya wazazi, na profaili yake ilikuwa mpya kabisa, hatujawahi kuitumia. Bosi akasema, "Mzigo huo utaupokea wewe. Ukiupokea sawasawa, kalamu ni yako moja kwa moja. Ukiharibu, namleta shemeji yangu."

Shemeji yake ni yule aliyefunga mlango wa duka la viatu juu chini, kitasa kikawa kwenye magoti. Wifi akatoka ofisini. Alipofika kwangu akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Wifi, naitaka ile kalamu mpaka tumbo linauma."

Nikamwambia ataipata, nani mwingine. Nilisema kwa moyo mweupe. Siku tatu baadaye nikamwaga chai juu ya karatasi ya ile profaili.

Kikombe kizima! Chai ya maziwa! Nilikuwa nimeichukua karatasi mezani kwake niitazame tu, umbea wa kawaida, kiwiko kikagonga kikombe, na mchoro wote ukageuka rangi ya kahawia. Nikaupangusa, nikauharibu zaidi. Nikauanika juani, ukajikunja kama gome. Mtu mwenye akili angeenda kusema pale pale. Mimi nilikimbia kwenye duka la fotokopi.

Karatasi ya kiwanda ilikuwa kubwa kidogo kuliko karatasi za kawaida. Kijana wa fotokopi akaniuliza, "Dada, nipunguze kidogo iingie yote?"

Nikamjibu, na maneno haya nitayakumbuka hadi siku ya kuzikwa, "Punguza tu baba, mradi itoke safi."

Ikatoka safi. Mistari myeusi, namba zote zinasomeka, doa hakuna. Nikaiweka mezani kwa Wifi, ile iliyoharibika nikaisukuma nyuma ya rundo la vioo, nikarudi kazini nikiimba. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Lori lilifika siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, na mafungu kumi na mawili ya profaili, kila fungu pau kumi. Bosi alikuwa hospitalini kutazama ukuta. Dereva wa kiwanda akashuka, mtu mnene mchangamfu mwenye taulo shingoni, akatuamkia wote, akasema anataka kuondoka kabla jua halijakaza. Wifi alikuwa amevaa aproni mpya. Ameipiga pasi, jamani, aproni! Akaichukua kalamu kutoka kwenye msumari, akaivaa shingoni kwa ule uzi wa kijani, akakata kipande cha kwanza, akakipangusa, akakilaza juu ya karatasi.

Akakunja uso. Akakigeuza. Akakilaza tena.

"Kimezidi," akasema.

Dereva akacheka kidogo. "Kimezidi nini, mama?"

"Kimezidi mchoro. Kushoto kama unywele mmoja, kulia unywele mmoja. Milimita mbili na ushee." Akakata kipande cha fungu la pili, na la tatu. Vyote vikazidi vile vile. "Rudisha mzigo wako, baba. Hii siyo profaili tuliyoagiza."

Mimi nilikuwa nimeshika kioo cha mita moja. Nikakiweka chini taratibu sana. Milimita mbili na ushee. Punguza tu baba, mradi itoke safi.

Dereva akabembeleza, akaapa, akaita mbingu kuwa shahidi. Wifi hakutingishika. Basi naye akakasirika, akavuta taulo shingoni akasema, "Sawa. Mimi nageuza. Ila mjue, mzigo ukirudi kiwandani unayeyushwa, na zamu ya kusukuma profaili hii tena ni baada ya wiki tisa. Tisa, mama!"

Madirisha yalitakiwa baada ya wiki tano. Wifi akampigia Bosi simu, akaweka sauti ya nje ili tusikie wote.

"Una uhakika?" Bosi akauliza.

"Nimelaza mara tatu, Bosi. Macho yangu hayajawahi kunidanganya."

Kisha Bosi akasema, "Nakuja. Mwambie dereva asiondoke. Lakini sikiliza, kama umekosea, kazi ya hospitali imetuponyoka, na kalamu umeiaga."

Wifi akakata simu. Kidevu kilikuwa juu. Alikuwa anasimamia ukweli wake, na ukweli wenyewe nilikuwa nimeupunguza mimi, kwenye duka la fotokopi, ili uingie wote. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilifichua yangu nikiwa bado napumua, ila kwa shida.

"Wifi," nikasema.

"Nini?"

"Wifi, usinipige."

Akanigeukia. Dereva naye, aliyekuwa ameshapanda ngazi ya lori, akashuka ngazi moja ili asikie vizuri. Nikasema yote kwa pumzi moja: chai, maziwa, jua, fotokopi, punguza baba. Nilipomaliza nilikuwa nimefumba macho, nimejikinga na kipande cha sponji.

Nikafumbua jicho moja. Wifi alikuwa amesimama na kipande cha alumini mkononi, mdomo wazi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaanza kulia na mimi ili nisimwache peke yake. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na aproni yake ya pasi. "Ukaipunguza," akasema, anafuta machozi, "ukaipunguza profaili kama sketi!"

Dereva naye akapasuka, akashika mlango wa lori asianguke. Tulicheka watu watatu kama wendawazimu, mpaka jirani yetu mnunua vyuma chakavu akachungulia kuuliza kama kuna aliyekufa.

Halafu Wifi akasimama ghafla, kicheko kimekatika. "Ilete ile ya kwanza."

Nikaingia nyuma ya vioo, nikaitoa. Akaitandaza, akalaza kipande. Loo! Chai ilikuwa imeivimbisha karatasi upande mmoja na kuikunja upande mwingine. Kushoto mstari ulichungulia, kulia ulipotea ndani ya doa. Ile iliyopunguzwa ni ndogo, hii imepinda. Hapakuwa na mchoro wa kulazia tena duniani, na Bosi yuko njiani.

"Basi nimekwisha," Wifi akasema. Safari hii hakucheka. Akaivua kalamu shingoni, akaiweka mezani.

Dereva ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa upole, akikuna kichwa. "Mama, samahani. Mbona hamsomi namba?"

Wifi akatazama pembeni. Nikamwona anatafuta ile miwani asiyokuwa nayo. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya miaka yote ile. Akasema, "Sizijui."

"Hata mimi," nikadakia, ili aibu tugawane. "Ninachojua ni sanduku la posta tu."

Dereva akauliza sanduku gani. Nikamwonyesha 6063. Jamani, yule mtu alicheka mpaka taulo likadondoka. Kumbe kabla ya kuendesha lori alikuwa kwenye mashine kiwandani miaka sita. Akavuta ndoo, akakaa, akatufundisha pale pale juu ya fotokopi yangu. 6063 ni jina la mchanganyiko, yaani alumini imetiwa nini na nini. Gogo la alumini linapashwa moto mpaka linalegea, halafu linasukumwa kwa nguvu kwenye tundu la chuma lenye sura ya profaili, linatokea upande wa pili likiwa refu, kama dawa ya meno kwenye tyubu. T5 inayofuata ni habari ya ugumu: likishatoka limepozwa kwa hewa, kisha limerudishwa kwenye tanuri likomae. Bila kukomaa, fremu ingepinda kwa kuegemewa tu.

"Na hii arobaini na tano?" Wifi akauliza. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye karatasi.

"Upana, kwa milimita."

Wifi akachukua tepu, akaliweka juu ya mchoro wa fotokopi. Arobaini na mbili na robo tatu. Akaliweka juu ya kipande cha alumini. Arobaini na tano kamili. Akarudia, mara hii taratibu, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Karatasi imepungua," akasema, "lakini namba haikupungua."

"Namba haipungui, mama. Hata uipunguze karatasi iwe ya stempu, arobaini na tano ni arobaini na tano. Kiwandani wanatupigia kelele kila siku, mchoro haupimwi, husomwa."

Wifi akanitazama. Macho yalikuwa yanawaka. Miaka kumi na minne, wallahi, miaka kumi na minne ameogopa nzi! Akaanza kuzisoma moja moja kwa sauti, na kila moja akitaka ajue ni ya nini, mpaka Dereva akaanza kuomba maji. Urefu, mita sita. Unyofu, mpindo usizidi hivi kwa kila mita. Unene wa ukuta, milimita moja nukta nne, na mbele yake maneno mawili madogo, "bila rangi".

"Unene tunapimaje?" nikauliza. Kalipa, kile kifaa cha kubana na kusoma unene, kilikuwa ndani ya droo ya Bosi, na Bosi alikuwa na ufunguo.

Kidole cha Wifi kilikuwa kimeshuka hadi mstari wa mwisho wa jedwali na kimegoma hapo. "Uzito kwa mita," akasoma polepole. "Sufuri nukta tisa mbili. Hii ni kilo?"

"Kilo."

"Kilo!" Akapiga kofi. "Wifi, kilo! Mara sita..." Hakutafuta karatasi. Alitazama paa la bati kwa sekunde mbili, kama zamani alivyokuwa akipimia watu vitunguu. "Tano na nusu na kidogo. Fungu zima hamsini na tano na kidogo. Ukuta ukiwa mwembamba, upana utakuwa ule ule, lakini uzito utaumbuka. Mimi mtu hajawahi kuniibia kwenye mizani tangu nizaliwe. Shusheni mzigo!"

Ah, mngemwona. Alitoka kama amepigiwa filimbi. Jirani yetu wa vyuma chakavu ana mizani kubwa ya chini, ile ya kupandisha mzigo juu ya bamba. Akaanza kueleza kwamba mizani yake ni ya haki, Wifi akamkata jicho, akaagiza mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Kilo hamsini. Mizani ikasema arobaini na tisa na nusu. "Inakula nusu kilo," Wifi akasema. Jirani akakohoa, akaona ndege angani wanaohitaji kutazamwa. "Haidhuru," Wifi akaendelea, "tutaijazia."

Tukapandisha fungu la kwanza. Mizani ikasema hamsini na nne nukta nane, tukaongeza nusu yake. Sawa! Wifi akapiga kigelegele peke yake. La pili, sawa. La tatu, sawa. Mafundi wote wakaacha misumeno wakaja kubeba, na kila fungu likipanda tunahesabu kwa sauti kama watoto wanaoruka kamba, na kila likikubali tunashangilia kama goli. Nilisahau hata kwamba mimi ndiye mhalifu. La nane, sawa. La kumi na moja, sawa. Dereva sasa anashangilia kuliko sote.

La kumi na mbili likapanda. Arobaini na saba.

Tukalishusha, tukalipandisha tena, maana tulikuwa tumeshazoea furaha. Arobaini na saba vile vile.

"Ongeza nusu," Dereva akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeongeza," Wifi akasema. "Kuna kilo karibu nane haziko humu. Upana nimepima, arobaini na tano. Kwa nje ni ndugu na wenzake, kwa ndani ni mwembamba."

Hapo hapo gari la Bosi likaingia. Akashuka akiwa amekunja ndita, akakuta karakana nzima iko kwa jirani, mafungu yamepangwa barabarani, na msimamizi wake mtarajiwa amepanda juu ya mizani kuhakikisha haijakwama. Akauliza kuna nini. Nikafungua mdomo nianze kuungama, Wifi akanikanyaga mguu, na anajua kukanyaga.

"Bosi, nilikosea," akasema. "Mzigo ni sawa, mafungu kumi na moja. Hili moja silipokei. Ukuta ni mwembamba."

Bosi akaenda kwenye droo yake, akarudi na kalipa. Akabana upau wa fungu la mwisho, akainua nyusi. "Moja nukta tatu. Tunataka moja nukta nne. Sasa hiyo ni tofauti ya kumzuia dereva wa watu?"

"Kwangua rangi kwanza," Wifi akasema.

Hakuna anayemwambia Bosi wetu kwangua. Yeye mwenyewe akamtazama kama hajasikia vizuri. Wifi akamnyooshea karatasi, fotokopi yangu ile ile, kidole chini ya maneno mawili. "Imeandikwa bila rangi. Umepima na koti."

Bosi akachomoa kisu, akakwangua, akabana tena. Akatazama kalipa. "Moja nukta mbili," akasema.

Dereva akakubali bila kelele. Pengine fungu la mteja mwingine limechanganyika kwenye kupakia, akasema, na kwamba tungelifunga kwenye dirisha la ghorofani, upepo wa kwanza ungetuonyesha. Kiwanda kitaleta jingine, la kwetu litakuwa limebaki stoo. Akatoa fomu ya kupokelea. Kalamu ilikuwa bado mezani pale Wifi alipoivua. Akaifuata, akarudi, akaandika: yamepokelewa mafungu kumi na moja, limekataliwa moja kwa uzito. Chini kulikuwa na mstari wa mwisho, "Sababu ya kuchelewesha gari".

Nikajua nimefika. Saa mbili nzima tumemchelewesha mtu wa watu, na fomu inakwenda kiwandani, na nakala kwa Bosi. Nikamsogelea, nikanong'ona, "Andika tu. Andika chai yangu, ni haki yako."

Wifi akanitazama, akainama, akaandika maneno mawili kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea. Nikachungulia. Aliandika: "Sikusoma namba." Halafu akasaini, ile saini yenye mkia aliyoifanyia mazoezi kwenye vumbi.

Nikaichukua fomu, nikampelekea Bosi mwenyewe.

Bosi akaisoma fomu. Akaisoma tena. Wifi akamnyooshea kalamu, uzi wa kijani umejizungusha kidoleni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Nilikuwa nimeshaukataa mzigo mzima, Bosi. Sikukuficha."

Bosi hakuipokea. "Unanipa mimi ya nini?" akasema, akigeuka kurudi garini. "Keshokutwa kuna mzigo wa milango. Utausaini kwa mkaa?"

Nilipiga ukelele uliomfanya jirani aangushe jiwe lake la mizani. Nilimrukia Wifi shingoni, mafundi wakagonga pau kwa nyundo, Dereva akapiga honi ya lori bila kukoma mpaka watu wa duka la pembeni wakatoka nje kutazama kama kuna harusi. Wifi mwenyewe alikuwa anacheka na kulia na kunisukuma, anasema nimemkunjia aproni.

Mchana nikapika chai, kwa adabu zote, nikamjazia kikombe cha kwanza yeye. Alikuwa mezani ametandaza karatasi zote za profaili tulizowahi kupokea tangu karakana ianze, anazisoma namba moja baada ya nyingine, midomo inacheza. Nikavuta kiti nikae karibu naye na kikombe changu.

Hakuinua hata kichwa. "Kanywee kule mlangoni, wifi," akasema. "Mbali na karatasi zangu."